Mlango wa Mwisho

Chumba changu ni cha mwisho kwenye ushoroba wa zahanati,
baada ya mizani ya watoto, baada ya stoo ya mifagio.
Kibao cha mlangoni kina herufi ndogo mno,
kana kwamba hata rangi iliona haya.

Hapa Noia miadi yangu haifuati saa ya ukutani.
Hufuata maji. Yakipwa, haji mtu:
wanawake wote wako matopeni, wameinama,
reki mkononi, ndoo ya kombe ubavuni.
Yakijaa, ndipo wanapokuja na mabuti yao ya mpira,
wakayaacha mlangoni yakichuruzika chumvi.

Leo kaja Dorinda. Miaka sitini na mmoja.
Kakaa ukingoni mwa kiti kama shahidi asiyetaka kuitwa.
Kasema ni mgongo.
Huwa ni mgongo. Siku ya kwanza huwa ni mgongo daima.
Sikumbishia. Nimeuliza habari za mgongo,
kisha za ndoo, ina kilo ngapi,
kisha za watoto (wanne; kitinda mimba
alikuja na mabega ya babake),
kisha, macho yangu kwenye kalamu:
na ukikohoa je?

Nje, gari la mikate limepiga honi mara mbili.

"Nikikohoa," akasema. "Nikipiga chafya. Nikicheka.
Basi nimeacha kucheka."

Miaka kumi na tisa
anavaa suruali nyeusi tu. Anajua kila choo
kati ya hapa na Santiago. Harusini kwa mwanawe
alichagua meza ya karibu na mlango, hakucheza.
Mumewe anadhani hapendi muziki.

Mficha uchi hazai, walisema wahenga.
Dorinda kazaa mara nne. Hawakusema
aliyekwisha kuzaa aufiche mpaka lini.

(Nami nisijitie ujuzi. Nilipojifungua Sabela
nilinyamaza miezi minane,
na shahada yangu ikining'inia ukutani.)

Nimepasha mikono kwenye hita. Nimemwonyesha
nyonga ya plastiki, ile iliyovunjika mfupa wa mkia
nikaiunga kwa gundi ya viatu.
Tazama, nimemwambia, hapa chini pamesukwa
kama kiti cha jikoni kwako.
Kikilegea hukichomi kuni. Unakiwamba upya.

Ruhusa naiomba mara tatu:
kabla ya shuka, kabla ya glavu, kabla ya kidole.
Ukisema basi, ni basi.
Akaitazama dari, penye doa la unyevu
ambalo wagonjwa wangu wote wanalijua
na kila mmoja huona mnyama wake.

"Sasa kaza. Sio tumbo. Sio makalio.
Sio meno, Dorinda.
Kaza kama uko kanisani, padri kanyamaza,
na maharage ya jana yanataka kusema."

Akacheka.
Akaziba mdomo, ameshtuka, na hapo hapo
chini ya kidole changu kitu kikasogea:
kichovu, kimechelewa,
kama mtu anayeitikia kutoka chumba cha ndani.

"Upo," nikasema.
"Nani?"
"Msuli. Umeitika."

Hakujibu. Akaomba karatasi ya kufutia macho,
akalalamika kwamba hita inatoa vumbi.

Saa tano ni zamu ya Eladio, mwalimu mstaafu,
aliyetolewa tezi dume mwezi wa tatu.
Huniletea daftari la mistari,
kila pedi na saa yake, kwa wino wa buluu,
na huniita daktari ingawa nimemkataza.
Tutahesabu pamoja. Jana nne, leo tatu.
Atasema tatu bado ni nyingi. Ni kweli.

Dorinda kavaa mabuti. Tumepanga Alhamisi,
maji yakijaa.

Nikamsikia katikati ya ushoroba akisimama.
Akakohoa. Mara moja, kwa makusudi.
Kimya kirefu.
Kisha mabuti yakaendelea, taratibu,
na mimi sikuchungulia.